Mdogo Aulize Kwanza

Siku ya mkutano wa mtaa pale Msamala, mzee Athanasi alibeba kigoda cha marehemu mkewe, Kunegunda, akakiweka mbele, palepale marehemu alipozoea kukaa. Miaka arobaini na saba ya ndoa mzee alikaa nyuma. Akiulizwa mbona hasemi, alijibu, "Nyumbani kwetu msemaji yupo."

Sasa hayupo. Na ajenda ilikuwa moja: uwanja wa magenge, ambapo akina mama huuza nyanya na ndizi jioni, ugeuzwe kituo cha bodaboda, magenge yahamie ng'ambo ya korongo. Kunegunda alikuwa ameutetea uwanja huo mara tatu.

Huko kusema alikutoa mbali. Akiwa na miaka kumi na sita alijifunza kushona kwenye kituo cha wasichana. Akaja mwalimu wa kujitolea kutoka nchi za nje, Dalia, binti wa miaka ishirini, Myahudi. Wasichana waliwajua Wayahudi wa kwenye Injili tu. Siku ya kwanza walimwangalia miguu waone kama amevaa makubazi. Alivaa raba.

Dalia akawasimulia kwamba tangu ana miaka kumi na moja alikuwa kwenye chama cha vijana wa Kiyahudi mjini kwao. Waliimba, walibishana, kisha wakabeba mabango kwenda kwa wenye mashamba, kudai vibarua wapewe maji ya kunywa.

"Hamkuchapwa?" Kunegunda akauliza.

"Tulifukuzwa. Tukarudi wiki iliyofuata."

Akasema pia kwamba kwao, usiku wa Pasaka, mezani, aliye mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza kwanza, na wakubwa hawana ruhusa ya kukwepa.

Darasani mdogo alikuwa Kunegunda. Wasichana ishirini waligombea cherehani mbili. Mkuu wa kituo alipopita, Kunegunda akanyoosha mkono. "Mama, zile cherehani nane zilizofunikwa blanketi stoo zinamsubiri nani?"

Zilikuwa zinamsubiri mgeni rasmi. Kesho yake zikatolewa.

Basi ikawa ndiyo safari. Kamati ya zahanati, ya shule, ya maji, yumo. Cheo hakugombea hata siku moja. Alidai jambo moja tu kila mkutano: mdogo aulize kwanza. Wenyeviti watano walipita, wote walimkoma. Dalia naye hakuacha. Kila mwaka picha yake ilifika, nywele zikizidi weupe, bango mkononi.

"Tuanze na wazee," alisema Rupert, mwenyekiti wa sasa, akifungua mkutano. "Mzee Athanasi, pole tena na msiba. Una neno?"

Athanasi akasimama. Maneno aliyoyapanga tangu asubuhi yalipotea yote. Akakitazama kile kigoda.

"Mdogo aulize kwanza," akasema, akaketi.

"Loo! Kunegunda amerudi, kavaa koti!" Fausta muuza ndizi akapiga kelele, na mkutano mzima ukacheka.

Wakatafutana nani mdogo. Akapatikana Dorine, muuza nyanya, miaka kumi na tisa, mtoto mgongoni.

"Haya, uliza upesi," alisema Rupert.

"Shikamoo mwenyekiti. Masika kivuko cha korongo huwa kinachukuliwa na maji. Sasa mama Noela atavukaje kuja kwetu ng'ambo kununua nyanya za mboga yako?"

Mama Noela, mke wa mwenyekiti, alikuwa safu ya pili. "Jibu, baba Noela," akasema. "Maana mimi kuogelea sijui."

Rupert mwenyewe alicheka mpaka akavua kofia. Hapo Saimon wa bodaboda akasimama, akasema wao kwani waliuomba huo uwanja? Mbele ya mashine ya kusaga panawatosha, na wateja wapo. Mikono ikanyooshwa, ikahesabiwa. Magenge yakabaki.

Jioni Dorine alimshikia Athanasi simu, amtumie Dalia ujumbe wa sauti.

"Dalia. Ni Athanasi. Uwanja umebaki. Ameuliza mtoto mwingine, anaitwa Dorine. Kigoda nimempa, akalie gengeni."

Dorine alisubiri. "Babu, umemaliza?"

"Nimemaliza. Mengine alishasema mwenzangu."