Ua la Mzee Njiku kwenye mizinga yangu

Nilikosea mimi. Nianze hapo hapo, maana nikianza na sababu zangu nitamaliza daftari bila kulifikia kosa.

Mimi ni fundi seremala huku Itigi. Natengeneza vitanda, meza na mizinga ya nyuki ya mbao. Kuna mrina asali mmoja, nitamwita Mzee Njiku, si jina lake. Mizinga yake yote ameichonga ua la alizeti ubavuni kwa patasi. Petali tisa, moja imepinda. Zuri jamani! Mimi na darasa langu la saba sijawahi kubuni kitu kama kile.

Siku moja akaniletea mzinga nimtengenezee kifuniko. Alipoondoka nikaweka karatasi juu ya ua, nikasugua penseli. Ua lote likahamia kwenye karatasi, mpaka ile petali iliyopinda. Kifuniko nilikitengeneza vizuri, hilo niliseme nisijionee.

Nikaanza kulichonga kwenye mizinga yangu. Mama Asha, anayefuga nyuki jirani na mzee kule porini, akachukua sita.

"Fundi, hili si ua la yule babu?"

"Mzinga ni mzinga, mama. Mbao nimenunua mimi."

Ni kweli mbao nilinunua mimi.

Nilijua ua ni lake. Nilichokuwa sikijui ni kwamba Mzee Njiku macho yalishafifia siku nyingi, na hakumwambia mtu. Akienda kurina jioni anapapasa ubavu wa mzinga. Akilikuta ua, anajua ni wake, anapuliza moshi.

Msimu wa asali ulipofika, Mama Asha akamkuta mzee kwenye mmoja wa ile mizinga sita, ndoo imefika nusu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Sasa mbona unarina mzinga wangu?"

"Wako tangu lini? Shika hapa. Si ua langu hili?"

Kesho yake wakawa kwa mtendaji wa kijiji, watu wamejaa. Nami nilikuwepo, nimekalia benchi nililolitengeneza mwenyewe. Wakamwita mwizi. Mmoja akasema, "Babu anazeeka vibaya huyu!" Watu wakacheka.

Mimi sikumwita mwizi, wala sikucheka. Nilinyamaza. Nimejipima sana kwa hilo, na naona kunyamaza kwangu kulizidi vicheko vyao, kwa sababu wao walikuwa hawajui ua lilifikaje kule. Mzee akatozwa ndoo mbili za asali, akatoka akipapasa ukuta mpaka mlangoni.

Siku tatu sikushika randa! Ya nne nikarudi kwa mtendaji na ile karatasi, nikasema yote.

Mtendaji akaniangalia. "Sanduku la nyuki hata mimi naweza kugonga misumari, hakuna wa kunizuia. Ila mchoro una mwenyewe. Hata sheria inasema hivyo, fundi."

Mama Asha akarudisha ndoo zote, tena kwa kupiga magoti. Mimi nikaambiwa nikayafute maua yote sita kwa randa, huko huko porini, nyuki wakiwa ndani. Walinishughulikia. Sina malalamiko.

Uso ulipopungua kuvimba nikaenda kwa mzee kuomba radhi. Nikamkuta uani na patasi, analiparura ua kwenye mzinga wake mwenyewe!

"Shikamoo mzee. Ya kwangu nimeshayafuta. Hilo liache, ni lako."

"Marahaba. Hili lilikuwa macho yangu. Sasa kila nikiligusa najiuliza, ni langu au la fundi?"

Hakunifukuza. Aliniambia nishike upande wa pili, mzinga usicheze. Nikashika. Akaparura petali zote, ile iliyopinda akaimalizia mwisho.

Mpaka leo hajaenda kurina tena.

Mafundi wenzangu, kitanda ni kitanda na mlango ni mlango, tengenezeni. Lakini ukikuta juu yake kuna ua la mtu, nenda kamuulize. Muulize akiwa bado analitaka.