Dirisha la Mbayuwayu

Asubuhi ya leo hapa Kibomet, Kitale, mbayuwayu alikuja dirishani kwangu na tope mdomoni. Alizunguka chini ya paa akitafuta mahali pa kulibandika, akakosa. Nyumba yangu ina dari safi, na kila dirisha lina wavu wa mbu. Nilisimama na kikombe cha chai mkononi nikimwangalia tu, na nikuambie ukweli, machozi yalinitoka.

Kwa nyanya yangu kule Mabanga, ndege hao walijenga sebuleni, juu ya boriti. Mvua za Machi zikishika tu, walirudi na kuingia bila hodi. Dirisha moja lilikuwa lao, halikufungwa mchana wala usiku. Nyanya, ambaye wajukuu tulimwita kukhu, aliwaita wapangaji wake, na mgeni aliyelalamika kuhusu kinyesi aliambiwa asogeze kiti. Kazi yangu ilikuwa kutandaza gazeti chini ya kiota kila asubuhi, kabla ya kuchambua mboga ya mrenda. Makinda yakianza kulia, hata redio ilipunguzwa sauti.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, shangazi alijifungua huku Kitale, tukaja kumwona mtoto. "Funga nyumba, mama," nyanya aliniambia, tayari akiwa njiani na kuku kwapani. Wiki hiyo kuna boma lilikuwa limeibiwa. Nami, mjuaji mkubwa, nikafunga madirisha yote, hata lile la ndege, kisha mlango. Nilijisifu moyoni.

Jioni tulikuwa tunakula mukimo, viazi na mahindi ya kuponda, ulioletwa na majirani wa shangazi, nyanya akaniuliza, "Si uliacha dirisha la ndege wazi?"

Hapo ndipo nikakumbuka. "Ndiyo, kukhu."

Simu ya shangazi ilikuwa pale mezani. Jirani yetu wa Mabanga, aliyeachiwa ufunguo, alikuwa na simu pia. Neno moja lingetosha. Kwa siku tatu nilibeba mtoto, nikaosha nepi, nikaitazama simu ile, na mdomo ukakataa kufunguka.

Tuliporudi, mbayuwayu wawili walikuwa wametua kwenye kamba ya nguo, wakilitazama dirisha lao. Ndani hakukusikika sauti ya kinda hata moja. Nyanya alifungua komeo la dirisha, akapanda juu ya stuli, akaingiza mkono kiotani. Kisha akaniangalia.

"Ni upepo ulifunga," alisema. "Enda ulete gazeti."

Komeo lile lilikuwa la ndani. Alijua, nami nilijua kwamba anajua. Hakulitaja tena mpaka akafa, na mimi kila Krismasi nilijiambia nitamwambia mwaka ujao.

Nyumba ile ilibomolewa. Baba mdogo amejenga ya mawe, yenye dari kama yangu. Leo niling'oa wavu, nikafungua dirisha la sebuleni wazi kabisa, nikatandaza gazeti sakafuni. Sasa jioni imeingia na mbu wamejaa nyumba nzima. Gazeti bado ni safi.