Presha ya Jicho, Presha ya Mkono

Kwetu, kijiji kimoja nje ya Runzewe, mke wa mtoto hamhudumii baba mkwe akiwa amesimama. Anapiga magoti. Siku hiyo mke wa kaka yangu alikuwa amepiga magoti karibu na mlango, jagi mkono mmoja na beseni mkono wa pili, akimsubiri baba anawe kabla ya ugali. Baba akatoka ndani, akampiga teke la mbavu, beseni likaruka, na yeye mwenyewe akamwangukia mkwewe mbele ya watu. Kwa Wasukuma baba mkwe na mkwewe hawagusani hata kwa bahati mbaya. Kikao cha ukoo kiliitishwa kesho yake.

Baba alijitetea kwa neno moja: "Sikumwona." Wazee wakaguna. Asubuhi ileile alikuwa amemtambua ndama wa jirani aliyekuwa ng'ambo ya mbuga, tena kwa rangi ya mkia. Mimi ni mwalimu wa jiografia huko Shinyanga mjini, nilikuwa nimekuja likizo, na nikiri kwamba sikumwamini pia. Mbuzi akachinjwa, mkwe akaombwa radhi, tukala.

Kabla mwezi haujaisha akamkanyaga vidole mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amepiga goti kumwamkia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba baba alikuwa anaumiza watu wenye adabu tu. Wasiopiga magoti walikuwa salama. Nikamchukua mpaka hospitali ya misheni nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kwenye kliniki ya macho.

Daktari alimkalisha mbele ya mashine, kidevu juu ya kipande cha plastiki, akamchungulia kwa muda mrefu. Kisha akatueleza. Mbele baba alikuwa anaona vizuri, ndiyo maana alimwona ndama. Kilichokuwa kimekufa ni pembeni, na zaidi upande wa chini. Ugonjwa hauumi wala hauwashi, unakula kingo taratibu, na kilicholiwa hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone kila siku, maisha yote. "Ni presha ya macho," akasema.

Kisha akanigeukia mimi. Mna umri gani, wewe na ndugu zako? Wengi wetu tumevuka arobaini. Rangi yetu hakuuliza, alinitazama akaandika mwenyewe, akisema watu weusi ugonjwa unatuanza mapema na unatushika kwa nguvu zaidi. Kuna mzazi mwenye ugonjwa huu? Alikuwa ameketi hapo, anapangusa machozi ya dawa. Kuna yeyote anayefanya kazi ya mawe au anayejitia dawa za macho za dukani bila kuandikiwa? Kaka yangu, yote mawili. Na hao ndugu wanaishi wapi, kliniki ya macho iko umbali gani? Nikamtajia vijiji. Kazi yangu ni kusahihisha mitihani, na huo ulikuwa mtihani ambao ukoo wetu haukukosa swali.

"Ndugu zako wote wapimwe presha," akasema. Nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri: wote wapimwe presha.

Nyumbani neno hilo lilifika kabla yetu. Presha kila mtu anaijua. Chumvi ikaondolewa kwenye mboga za baba. Ikapigwa marufuku kumletea habari mbaya. Ng'ombe wawili walikufa, akaambiwa wamepelekwa malishoni. Shemeji mmoja alikufa, naye akaambiwa amesafiri. Baba alikula mlenda wake bila chumvi kwa wiki nzima, kisha akauliza kwa upole, "Hivi chumvi inapitia wapi mpaka kufika jichoni?" Akaambiwa asikasirike, maana hasira nayo ilikuwa imekatazwa.

Krismasi ukoo wote ulikusanyika. Nilikuwa nimeazima mashine ya kupimia presha kwa jirani yangu muuguzi, ile ya kuvalisha mkononi. Sikumwambia ni ya nini, na yeye hakuuliza. Nilipanga ndugu zangu kwenye foleni sebuleni, nikawafunga mmoja baada ya mwingine, nikaandika namba zao kwenye daftari lilelile. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Kaka yangu alikuwa wa mwisho. Alikuwa amekuja kutoka Bugarama, ambako alifanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Macho yake yalikuwa mekundu miaka yote, na alikuwa na kichupa cha dawa ambacho maandishi yake yalishafutika mfukoni. Anajitia, anapata nafuu, anaendelea. Mkono wake ulikuwa mnene, kitambaa kikafika kwa shida.

"Safi," nikamwambia.

"Hata macho, mwalimu?"

"Safi kabisa."

Akacheka, akavaa shati, akaenda kuchoma nyama.

Mwaka wa tatu tangu Krismasi ile alianza kukosa kikombe akinyoosha mkono. Akasema ni vumbi. Akagonga bega kwenye nguzo ya karasha aliyoisimamisha mwenyewe. Wenzake wakamwambia aende hospitali, akawajibu kwamba yeye presha ya macho hana, alishapimwa. Alipokubali kuja kwangu, nilimpeleka kwa daktari yuleyule. Jicho la kulia lilikuwa linatofautisha mchana na usiku, basi. La kushoto lilibaki na tundu la katikati.

"Kwa nini umechelewa namna hii?" daktari akauliza.

"Nilishapimwa, daktari. Nikaambiwa niko safi."

"Umepimwa wapi huko?"

Nikawahi mimi kujibu. "Ni mbali, daktari." Daktari akawasema vibaya wahudumu wa huko mbali, mpaka muuguzi wake akainama. Niliwaacha wasemwe. Siku hiyohiyo nami nikawekwa kidevu kwenye plastiki. Presha ilishaanza, lakini kingo zangu zilikuwa bado nzima, na kliniki iko mwendo mfupi kutoka kwangu. Nilifurahi, na nikaona aibu kufurahi.

Kaka sasa yuko nyumbani. Yeye na baba wanakaa barazani, viti viwili, na mkewe anawanawisha akiwa amesimama, akitangulia kusema, "Niko mbele yenu." Mwanzoni baba alilalamika kwamba adabu imekwisha duniani. Alipokumbushwa kile kikao akanyoosha mikono anawe. Chumvi amerudishiwa.

Kila likizo mimi ndiye ninayewatia dawa. Mwezi wa sita uliopita kulikuwa na mgeni barazani, na kaka akawa anamsimulia. "Huu ugonjwa ulinikamata ghafla," alisema. "Krismasi ile mwalimu alitupima wote, hakuna mwingine aliyetujali hivyo. Nilikuwa safi kabisa. Wabeja, mwalimu." Wabeja ni asante. Mgeni akanitazama kwa heshima.

Mgeni alipoondoka nilikaa chini, mbele ya kiti cha kaka, kisha nikakumbuka kwamba hapo hanioni, nikasimama. Nikamwambia. Kwamba ile mashine ilikuwa ya damu. Kwamba jicho hupimwa jichoni, na mimi nilipima mkono. Kwamba Krismasi ile huenda alikuwa na macho yote mawili, nami nikamrudisha Bugarama.

Baba akageuza kichwa kizima kunitafuta.

"Ile presha nyingine," kaka akasema, "ile ya damu. Ulinipima sawasawa?"

"Sawasawa."

"Na sikuwa nayo?"

"Hukuwa nayo."

"Basi hiyo angalau sina."

Kisha akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumbua macho yote mawili kuelekea juu, nimtie dawa.