Chuma Kilichokosa Ganda

Pale maabara wote walimwita Mama Chupa, kwa sababu miaka kumi na tisa iliyopita alianzia kwenye sinki, akiosha chupa za wasomi. Jina lilimganda hata alipopanda, akawa ndiye anayeandaa protini za jengo zima. Hakulikasirikia. Kilichomkasirisha ni ukurasa wa arobaini na mbili wa daftari la maabara, na hasira ile ilikuwa ya haki kabisa.

Walikuwa wakivisha punje za chuma ganda la virusi. Punje zenyewe hazionekani kwa macho. Ukiugawa unene wa unywele mara elfu nne, hapo ndipo unazipata. Ganda lilitoka kwa virusi vinavyoshambulia nyasi, vikiwa vimetolewa ile mbegu ya ndani inayoleta ugonjwa, zikabaki protini tupu zisizomdhuru mtu. Protini na chuma vilichanganywa kwenye maji ya chumvi, vikatiwa ndani ya kifuko chembamba kama utumbo, kifuko kikazamishwa kwenye jagi kubwa la kioo ndani ya chumba cha baridi. Chumvi ikitoka polepole kupitia kuta za kifuko, protini huanza kutafutana, na zikiikuta punje huizunguka zenyewe mpaka ganda lifunge. Profesa, mkuu wa maabara, alitumaini kwamba siku moja punje iliyovikwa hivyo itaongozwa kwa sumaku hadi mahali panapouma mwilini.

"Vazi linajishona lenyewe?" mumewe, fundi cherehani, aliwahi kumuuliza huku ameshika sindano mdomoni. "Mke wangu, mmekuja kunipokonya riziki."

Basi vazi halikujishona. Mara tatu walijaribu, na mara tatu picha za darubini kubwa zilionyesha maganda matupu huku na madonge ya chuma kule, kama majirani waliogombana. Hatua ya kuvisha ilikuwa mikononi mwa Daktari, bwana mwenye shahada mpya na viatu visivyojua vumbi. Yeye ndiye aliyeandika ukurasa wa arobaini na mbili: "Chanzo cha kushindwa: protini iliandaliwa vibaya." Chini yake akaacha nafasi ya sahihi ya mwandaaji.

Jumatatu Profesa aliliweka daftari mezani mbele ya watu wote.

"Mama Chupa, tia sahihi tusonge mbele. Wafadhili wanataka ripoti Ijumaa."

"Sitii, Profesa."

"Ni utaratibu tu, mama," alisema Daktari kwa sauti laini.

"Utaratibu wa kunisingizia?"

Profesa alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe. "Ijumaa saa nne. Ama sahihi, ama urudi kwenye sinki. Sina la kuongeza."

Kamba hukatikia pembamba, na pale maabara kila mtu alijua pembamba ni wapi.

Nyumbani mamamkwe wake alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Mwanangu, tia hiyo sahihi. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Mama, mkono wenyewe ndio unaoninyooshea kidole."

"Na watoto wakikosa ada?"

"Watanisaidia kuosha chupa. Lakini uongo sitii sahihi." Alisema hivyo kwa ukali, halafu akaingia chumbani akakaa kitandani, maana aliogopa. Aliogopa sana. Sinki alilijua: baridi yake, maumivu yake ya mgongo, na namna watu wanavyopita nyuma yako bila kukusalimu.

Jumanne aliomba picha zote, akazipanga mezani. Akazitazama mpaka chai ikapoa. Protini yake, waliyosema imeharibika, ilikuwa imejenga maganda ya mviringo, mazuri, yaliyofunga kila upande. Protini mbovu haifungi ganda. Inavurugika kama maziwa yaliyochacha. Nguo ilikuwa imeshonwa vizuri, ila mvaaji hakuwemo. Sasa mvaaji alikuwa wapi?

Akaenda chumba cha baridi, ambako Daktari alikuwa ameweka kifuko cha nne. Akainama mpaka macho yakawa sawa na jagi. Sehemu ya juu ya kifuko ilikuwa maji meupe. Chini kabisa palikuwa na utando wa rangi ya kahawia, umebanana kama machicha. Na chini ya jagi, kama ilivyo desturi tangu maabara ijengwe, palikuwa na mashine ya kukoroga, ile yenye sumaku inayozunguka ili kuzungusha kijiti ndani ya maji.

Sumaku. Usiku na mchana ilikuwa ikivuta chuma chini, na protini zikabaki juu zikikumbatia hewa. Mama Chupa alijishika kiuno. Yeye mwenyewe alikuwa ameweka vifuko mia juu ya mashine ile, ila vyake vilikuwa vya protini peke yake. Mazoea yana tabu.

Alimwambia Daktari. Daktari akatabasamu. "Mama, dunia nzima inakoroga hivyo."

"Dunia nzima haijatia chuma kifukoni."

Akampita, akaenda kwa Profesa. "Nipe kifuko kimoja na siku mbili."

"Na ukishindwa utatia sahihi?"

"Hapana. Nikishindwa nitakuwa nimeshindwa. Protini itabaki nzima."

Profesa akaguna. "Chukua."

Jumatano na Alhamisi alikaa kwenye chumba cha baridi amevaa koti la mumewe juu ya sweta mbili. Mashine aliichomoa, akaipeleka kona ya mbali. Kila dakika kumi aliyakoroga maji kwa mkono, kwa fimbo ya kioo, taratibu. Saa za kazi zikiisha alikiacha kifuko kitulie. Vidole vilikufa ganzi. Daktari alichungulia mara moja.

"Mama, unapika?"

"Napika. Usikose kuja kuonja."

Ijumaa asubuhi mzee wa darubini, mtu asiyependa maneno, aliwaita wote watatu akawaonyesha kioo cha darubini. Punje nyeusi, na kila punje ina pete yake nyeupe. Si zote, alihesabu saba katika kila kumi. Kwa watu waliokuwa wakitafuta hata moja, zilitosha.

Profesa alimpa mkono. Daktari alilifungua daftari, akashika ukurasa wa arobaini na mbili ili auchane. Mama Chupa akaweka kiganja juu yake.

"Daftari halichanwi, Daktari. Kata mstari mmoja, ili anayekuja asome tulipokosea."

Daktari akakata mstari. Juu yake akaandika: "Chanzo: hitilafu ya mashine ya kukoroga." Akamsogezea kalamu.

Mama Chupa alisoma. "Mashine haikujiwasha," alisema.

Daktari akamtazama Profesa. Profesa akatazama dirishani.

"Mama, si jambo kubwa hilo."

"Lilipokuwa langu lilikuwa kubwa."

Mzee wa darubini akajifanya anafuta kioo. Saa ya ukutani ilipita saa nne. Mama Chupa hakuigusa kalamu, wala hakusogea, wala hakupandisha sauti. Mwishowe Daktari akaichukua kalamu mwenyewe, akaandika huku masikio yamemwiva: "Niliweka chuma juu ya sumaku. Protini ilikuwa nzima." Akatia sahihi yake.

Mama Chupa alisoma mara mbili, polepole, wote wakimsubiri. Kisha akatia sahihi.