Mzimu wa Barazani Ni Mama Yangu

Admin, nifichie jina na ukoo, maana sisi ni wachache na tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sabini na miwili, Mnubi, mzaliwa wa Kibera. Ninaishi Kawangware katika chumba cha kupanga tangu nyumba yetu ilipobomolewa. Nimesoma vitabu vingi na siamini mizimu. Hata dini yangu hainiruhusu. Lakini upo mzimu mmoja ambao sitaki uondoke.

Wengi wenu mnalijua lile jengo kuukuu la serikali, la mawe, lenye baraza ndefu mbele. Mmesikia pia habari za bibi wa buibui jeusi anayelia pale barazani. Majuzi nilipita hapo, miguu ikaniuma, nikaketi ukingoni. Bawabu kijana akaja mbio.

"Mathee, toka hapo! Hapo ni pa shosho wa Kinubi."

"Atanifanya nini?"

"Anakupangisha laini. Unangoja, unangoja, mpaka unazeeka."

"Mimi nimeshazeeka, mwanangu."

"Basi utaanza upya!"

Tulicheka wote wawili. Kisha nikalia njia nzima hadi Kawangware, kwa sababu shosho huyo, yule bibi wa barazani, ni mama yangu.

Mama hakufia pale. Alifia kitandani, mkono wake mkononi mwangu. Ila alikaa pale. Tulipoambiwa nyumba yetu itavunjwa, tulipewa sharti moja: mwenye pingamizi afike mwenyewe mbele ya afisa wa ardhi. Mama alifika. Alifika kila asubuhi, masika na kiangazi, akaketi mkabala na dirisha la afisa akisuka tabaga, kile kifuniko cha chakula cha rangi nyingi ambacho mama zetu hukisuka kwa sindano na ukili. Karani alikuwa akitoka na kumwambia, "Mama, mkubwa yuko mkutanoni. Rudi kesho." Kesho hiyo ikawa miezi.

Siku ya kikao cha wazee, afisa alisimama na kusema kwa sauti ya upole kabisa: "Hakuna aliyeleta pingamizi. Huyo mwanamke mnayemtaja sijawahi kumtia machoni." Tingatinga likaja. Mama hakushika tena sindano. Mpaka anakufa alikuwa na neno moja tu: "Aseme kwamba aliniona."

Afisa huyo yu hai. Ni mzee sasa, mgonjwa, anaishi kwa bintiye, kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise. Mwezi uliopita binti huyo aliulizauliza hadi akafika mlangoni kwangu. Alikataa chai.

"Mama, najua sina haki ya kukaa kwako," alisema. "Lakini babangu halali. Anasema kuna mama amemfuata mpaka kwa nyumba."

"Mama yupi?"

"Eti ameketi kwa balkoni. Amevaa gurbaba nyekundu, anasuka. Sindano iko mkono wa kushoto. Halii, haongei. Anasuka tu akimwangalia."

Nilikiweka kikombe changu chini. Bibi wa hadithi za Kibera huvaa buibui jeusi na hulia. Gurbaba nyekundu, vazi letu la Kinubi, ndilo mama alilolitenga kwa kwenda ofisini. Na mkono wa kushoto! Utotoni mwake mama yake alimchapa vidole mpaka akajua kula kwa mkono wa kulia, lakini sindano ilikataa kuhama. Hayo hayamo katika hadithi yoyote. Ni mtu aliyemtazama mama asubuhi baada ya asubuhi, kupitia dirishani, ndiye angeyajua.

"Anaomba muende naye kwa ile ofisi ya zamani," binti aliendelea. "Umwambie mamako amwachilie. Anasema wewe atakusikia."

Ningeweza kumwambia kwamba wafu hawatembei. Sikumwambia. Niliinama, nikatoa chini ya kitanda tabaga ambayo mama aliiacha nusu, sindano ikiwa ingali imechomekwa.

"Mpelekee," nikasema. "Iweke mahali atakapoiona akifumbua macho."

Alinishukuru, maskini, akidhani ni dawa. Kesho yake akanipigia simu.

"Mama, ulinipatia nini? Amepiga nduru mpaka majirani wakaja!"

Siku hiyo nilikula nikashiba. Sitawadanganya.

Ndipo nami nikampa mzee huyo sharti: afike mwenyewe, aketi pale pale barazani, na mbele ya wazee wa Kibera aseme kwa kinywa chake kwamba alimwona mama. Amekubali. Ijumaa hii asubuhi ataletwa kwa kiti cha magurudumu. Ila naye ameshikilia lake: hatatamka neno mpaka mimi niwe mbele yake.

Imamu wetu ameniambia, "Nenda umsikie, umsamehe, mama yako amekwisha kupumzika." Nimemwitikia. Lakini moyo wangu unasema nisiende. Namtaka aketi jua limchome, aulize nitafika lini, na kila akiuliza ajibiwe: "Mama yuko mkutanoni. Rudi kesho." Bawabu nimeshamfundisha maneno hayo. Ameyapenda mno, na anayasema vizuri kuliko yule karani.

Kinachonizuia ni kimoja. Mzee huyu hana siku nyingi. Akifa akiningoja, kinywa pekee kinachoweza kusema "nilimwona" kitakuwa kimefungwa, na mama atabaki kuwa kichekesho cha mabawabu. Nikienda akasema, nitakuwa nimempa mama alichokitaka, lakini huyu mtu atarudi nyumbani na kulala usingizi mwororo. Huo usingizi ndio unaonichoma.

Gurbaba nyekundu ya mama nimeshaipiga pasi. Ndugu zangu, hasa nyinyi mliowahi kuambiwa mrudi kesho, nipeni rai kabla ya Ijumaa: niivae niende nikalipokee neno la mama, au niikunje nimwache angoje?