Ng'ombe Tuliomupa Dragoni

Nina hasira za karibu, soko lote la Birere, hapa Goma, linajua. Ukishika kifuniko cha simu ninachouza kwenye meza yangu na vidole vyenye mafuta ya mandazi, utanisikia mpaka kwenye barabara kubwa. Basi watu walishangaa kuona mama muzima, mwenye kilemba na kitenge, saa ambayo hakuna wateja ameinama juu ya simu anapigana na wanyama wa dragoni. Wacheke tu. Wengine wanakunywa bia.

Muchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kuna nchi ya milima, na chini ya mulima mukubwa kuliko yote analala dragoni. Pumzi yake ni uchawi. Inatoka kwenye nyufa, inateremka, inakaa mabondeni kama moshi wa zambarau, na munyama anayeivuta anaharibika: pembe zinajikunja, macho yanakuwa mekundu, anashambulia kila anayepita. Wewe uko na mukuki. Kila munyama aliyeharibika unayemuua anakuongezea nguvu. Kuwaponya pia inawezekana, lakini ni kazi ya polepole na ilionekana haikupi kitu, basi hakuna mutu niliyemujua aliyejisumbua nayo. Mimi niliwaua wengi sana. Walikuwa picha tu.

Papa alikuwa anakaa kwangu, mutaa wa Katoyi. Ni mutu wa ng'ombe, wa kule juu Masisi, na ng'ombe wake walichukuliwa na waasi. Waasi gani, usiniulize. Walipita wengi, kila kundi likaacha herufi zake ukutani. Hawakuwachinja mbele yake. Waliwaswaga tu, wakapotea nyuma ya kilima, yeye akabaki na fimbo. Tangu hapo alikuwa anashinda kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, anaangalia ukuta wa mawe meusi ya volkano. Kwetu salamu ya heshima ni Amashyo, maana yake uwe na makundi ya ng'ombe, na jibu lake ni Amashyongore, nawe uwe na makundi ya majike. Kila asubuhi nilimusalimia hivyo. Alikuwa anaitika kwa kichwa. Mutu asiye na ng'ombe hata mumoja atajibu nini?

Kisha mulima wetu wa volkano, ule wa kweli, ukafunguka. Jioni mbingu ikawa nyekundu upande wa kaskazini, siku zilizofuata ardhi haikutulia, na asubuhi moja tukaambiwa tuhame muji. Tulitembea na umati kwenda Sake, kati ya chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizopakia magodoro na bibi wazee. Watu walibeba sufuria, unga, diploma za watoto. Papa alibeba fimbo yake. Mimi nilibeba bidhaa kidogo na simu yangu kifuani, na dawa zake za presha nikazisahau mezani. Hiyo nayo iko juu ya kichwa changu, lakini siyo ninayotaka kusema hapa.

Tulipata nafasi kwenye darasa la shule, chini ya ubao. Ardhi inatetemeka, watoto wanalia, mimi nikafungua muchezo ili nisipigie mutu kelele. Nilikuwa bondeni. Mbele yangu alisimama ng'ombe aliyeharibika, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Nikainua mukuki.

“Huyo ng'ombe iko na nini?” Papa akauliza nyuma ya bega langu.

“Iliharibika, Papa. Ilivuta pumzi ya dragoni.”

“Huko chini, kwa bonde?”

“Eee.”

“Njo mazuku hiyo. Usiue. Pandisha yeye juu.”

Mazuku kila mutu wa Goma anaijua. Ni ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala kwenye mashimo; unakuta mbuzi amelala humo, hana jeraha, amekufa. Kama bado anapumua, unamuvuta mpaka penye upepo, unamumwagia maji, unangoja. Nikamuambia Papa kwamba hapa ni kupoteza wakati, hatutapata nguvu yoyote.

“Tuko na kazi gani ingine?” akasema.

Nilimupa simu kwa hasira kidogo. Yeye aliipokea kwa mikono miwili, jinsi anavyopokea maziwa. Nikamuonyesha kidole gumba kinakaa wapi, na akaanza kumuswaga yule ng'ombe kupanda kilima, huku akimupigia mbinja na kugonga ulimi, kana kwamba simu inasikia. Alitumia muchana muzima. Kule juu moshi ulianza kumutoka ng'ombe mugongoni, kisha tumboni. Wa magoti ndio uliokawia kuliko wote. Akamuosha kwenye chemchemi mpaka magoti yakatakata na macho yakawa meusi. Papa akacheka. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu Masisi, na nikajisikia vibaya kwa wale wote niliowachoma mukuki bila kuuliza.

Tuliporudi Katoyi nyumba ilikuwa na ufa lakini imesimama. Papa alikwenda nyuma, akachukua kiti chake, akakigeuza kisiangalie tena ukuta. Nikaanza kumuachia simu ya muchezo, mimi naenda kazini na ile ndogo ya kubonyeza. Nikirudi ananieleza nani amepona, nani bado mukaidi, nani anapenda majani ya upande gani. Kuwahesabu alinikataza, maana ng'ombe hawahesabiwi kwa mudomo. Walikuwa wengi, tuseme hivyo, wamejaa kilima.

“Amashyo, Papa.”

“Amashyongore, mama.”

Ananiita mama, jinsi baba zetu wanavyowaita mabinti zao. Na sasa alikuwa anajibu kwa sauti, hata jirani anasikia.

Basi nilipaswa kuacha mambo yakae hivyo. Lakini kwenye meza ya pili kutoka yangu kulikuwa na kijana mumoja muuza chaja, mwenye mudomo, ambaye alikuwa ameshamaliza muchezo ule zamani. Mimi nilikuwa nimekwama kwa mufalme, adui wa mwisho wa muchezo. “Dada, uko unapigana ao uko unachunga ng'ombe?” Kila siku. Nikamutukana, nikamutukana tena, mwishowe nikamuuliza ninachokosa ni nini.

“Moto ya dragoni,” akasema. “Lazima umutolee wanyama waliopona. Kundi nzima.”

“Anawafanya nini?”

“Anakula. Ulifikiri ataenda kuwachunga?”

Kumbe wale waliopona walikuwa na kazi hiyo moja tu.

Siku ya Mungu, baada ya kanisa, nikakaa karibu na Papa. Nikamuambia dragoni anataka ng'ombe. Hakushtuka hata kidogo.

“Mulima ni yake?”

“Ni yake.”

“Na majani?”

“Ni yake.”

“Basi alikawia kuomba.”

Nilielewa palepale alichokuwa anafikiri, na hapo ndipo nilipaswa kufungua mudomo. Kwetu kule juu, unapoishi kwenye ardhi ya mutu mwenye nguvu unamupelekea ng'ombe, na mukishapeana ng'ombe mumefungana. Anakulinda. Ng'ombe wako wanakuwa kwake, wanazaa, na siku moja anakurudishia mutamba, jike changa litokalo kwenye damu ya ng'ombe wako mwenyewe. Hakuna mutu wa Masisi anayefikiri kwamba mukubwa atawachinja wote siku hiyohiyo. Papa aliona tunafanya urafiki na dragoni. Mimi nilijua tunafanya nini, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kijana wa chaja afunge mudomo.

“Anataka wote,” nikasema.

“Wote?” Akafikiri. “Ni muzee mukubwa, basi.”

Aliwapeleka mwenyewe mpaka kwenye mulango wa pango la dragoni, yule wa baka jeupe mbele. Akaongea naye kwa Kinyarwanda, akamuambia asitutie haya ugenini. Kwenye kioo pakatokea picha ya mukono uliofunguka.

“Nafinya?”

“Finya, Papa.”

Kukawa na mwanga mweupe. Hakuna damu, hakuna mulio. Pango likabaki tupu. “Atawatunza,” akasema, na akanipa simu kwa mikono miwili.

Jioni ileile nilimushinda mufalme. Kesho yake nikamuonyesha kijana wa chaja. Akaangalia, akasema, “Bon. Sasa utacheza nini?” Nikamugombeza sana, na hakuwa amenikosea.

Papa akaanza kungoja. Kwetu kudai mutamba wako ni aibu kubwa. Unachouliza ni afya ya yule uliyemupa. Basi nikirudi kutoka Birere, nimetua tu kikapu, ananiuliza polepole:

“Yule muzee wa mulima ni muzima?”

“Ni muzima, Papa.”

“Mungu asifiwe.”

Hapo tunaenda kula. Njia ya muongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu, na kila jioni niliikanyaga tena. Mara nyingi nilijiapiza kwamba leo nasema. Ningesema nini? Kwamba wamechukuliwa tena, na safari hii mwenye kuwaswaga ni binti yake? Niliona haya mpaka nikawa namukasirikia yeye: kwa nini anauliza, kwa nini haangalii televisheni kama wazee wengine. Siku moja nilimujibu kwa ukali kwamba dragoni hafi. Akasema hiyo ni habari njema.

Waasi wakarudi. Wakachukua milima, wakachukua Sake, kisha wakaingia muji. Siku zile tulijifungia ndani, magodoro yamesimamishwa kwenye madirisha, tunasikia bunduki upande wa Katindo kwenye kambi ya wanajeshi. Baadaye zikanyamaza, na kunyamaza kwenyewe kukatutia woga. Papa alikuwa mugonjwa wa kifua, hatukuweza kutoka kumutafutia dawa. Muchana mumoja, muji wote unajiuliza sasa ni wa nani, akaniita karibu na mukeka wake.

“Muzee wa mulima ni muzima?”

Niliogopa atakufa akiwa anangoja. Nikachukua simu, bado ilikuwa na moto kidogo, umeme wa paneli ya jua juu ya nyumba, nikakaa pembeni na kuanza muchezo upya. Nilitafuta bonde kwa bonde mpaka nikapata jike changa lililoharibika, lenye baka jeupe kwenye paji. Nikalipandisha kilimani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuponya munyama kwa mukono wangu mwenyewe, na kweli ni kazi. Linarudi nyuma, linakushambulia, unaanza tena. Mugongo ukatakata, tumbo likatakata. Nikaliosha harakaharaka, nikarudi kwa Papa.

“Papa, amerudisha.”

Akajiinua, nikamuegemeza ukutani. Akapokea simu kwa mikono miwili. Furaha ilipanda usoni mwake, niliiona kwa macho yangu, na nusura niamini mwenyewe. Kisha akaisogeza simu karibu, na likaja lile jicho lake la sokoni, la kumukagua ng'ombe.

“Mama yake ni yule wa baka?”

“Eee.”

“Huyu iko na moshi kwa magoti.”

Nikainama kuangalia pia.

“Mutoto alizaliwa juu, kwa muzee mwenyewe. Mazuku aliivuta wapi?”

Nje gari moja lilipita, tukasubiri sauti yake iishe.

“Wale walikufa?”

“Walikufa, Papa.”

“Siku ileile?”

“Siku ileile.”

“Na ulijua.”

“Nilijua.”

Nilingoja anigombeze. Hasira hizi zangu nilizirithi kwake, na siku hiyo nilizitaka, ningezipokea kwa magoti. Akaweka simu juu ya blanketi.

“Wale wa Masisi sikuona wakikufa,” akasema. “Njo maana nilikaa kwa kile kiti. Nilikuwa nangoja. Ng'ombe ikikufa mutu analia, anamaliza. Wewe ulinirudisha kwa kiti, mama.”

Nikalia. Yeye hakulia. Akaangalia tena kwenye simu, lile jike changa limesimama palepale nilipoliacha, magoti yake yana rangi ya zambarau.

“Huyu haina kosa,” akasema. “Uliharakisha. Chemchemi iko upande gani?”

Nikamuonyesha. Akaliswaga mpaka kwenye maji, polepole, akigonga ulimi kwa pumzi kidogo aliyokuwa nayo. Akaliosha magoti mpaka yakatakata. Alipomaliza akanirudishia simu, akasema, “Uchunge wewe,” akalala.

Kesho yake asubuhi nilipita mbele yake na beseni la maji, nikitembea kwa ncha za vidole. Sikutaka kumusalimia. Kwa uso gani? Nilipofika mulangoni nikamusikia akisema nyuma yangu, yeye wa kwanza, jambo ambalo baba hafanyi kwa binti yake:

“Amashyo, mama.”

Jibu lake nilijifunza kabla ya kujifunza sala. Nilisimama na beseni mukononi, na Papa akangoja.