Printa ya Baba, Kompyuta ya Papa Ngalula

Vumbi likipata joto ndani ya mashine hutoa harufu yake, kama shati lililosahauliwa chini ya pasi. Majuzi, hapa nyumbani Lubumbashi, mume wangu alikuwa akiunga printa yetu kuukuu ya waya kwenye kisanduku cha intaneti, ili watoto wachapishe kazi za shule kwa simu bila kuinuka kitini. Alipoiwasha, harufu ile ikapanda. Niliacha sombe, mboga ya majani ya muhogo, motoni nikaja kusimama mlangoni, na moyoni nikawa tena mtoto wa Likasi, mji nilikokulia.

Miaka ile mishahara ilikuwa imekauka. Ofisi ya michoro alikofanya kazi baba ilipofungwa, watu waligawiwa vyombo badala ya malipo. Mmoja alipata kabati, mwingine feni. Baba alipata printa, na jirani yetu Papa Ngalula, rafiki yake wa siku nyingi, akapata kompyuta. Waya wa kuunga mashine hizo mbili hakuna aliyepewa.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema baba. Basi kompyuta ikavuka ua, ikawekwa mezani kwetu kando ya printa. Walikuwa na mpango: wachape kadi za harusi na nyimbo za misa, tupate kula. Papa Ngalula akatengeneza waya kwa nyuzi za simu, akizilehemu kwa chuma alichokipasha kwenye mbabula, jiko la makaa la mama.

Siku umeme ulipokubali kufika mtaani, tulijipanga wote nyuma yao. Printa ilikoroma, ikatetemesha meza, ikatema karatasi iliyojaa nyota, mikwaju, ile mistari ya mshazari, na herufi zilizopandana.

"Hii ni luga ya bashetani," mama akasema.

Tulicheka mpaka Ngalula, binti yake huyo jirani na mwenzangu wa kuruka kamba, akashikwa na kwikwi.

Tangu hapo kila alasiri ilikuwa hivyo. Papa Ngalula alikata uzi, akaunga uzi, na printa ikatema ushetani wake. Umeme ukikatika, waliendelea kukaa pale wakitazama nyaya. Mimi nilianza kuwaonea aibu. Watu wazima wawili, wasomi, wanashindwa na waya!

Kisha maneno yakaingia mjini: watu wa Kasai warudi kwao. Papa Ngalula alizaliwa Likasi, katika hospitali ileile nilimozaliwa mimi. Kasai, mkoa walikotoka wazazi wake, alikuwa anaisikia tu kwao. Lakini majirani waliacha kuwasalimu. Bombani, mwanamke mmoja aliipiga teke ndoo ya Ngalula, maji yakamwagika yote. Tuligawana ya kwangu, tukarudi.

Alasiri moja alikuja baba mdogo, ndugu yake baba, akakataa kiti.

"Yaya," akamwita baba, kama tunavyowaita kaka wakubwa, "ule muntu iko anafanya nini mu nyumba yako?"

"Iko fundi wa mashini yangu."

"Batu beko banasema."

"Baseme. Kazi haiyaisha. Ikiisha, ataenda."

Papa Ngalula alikuwa palepale, ameinamia nyaya. Hakuinua kichwa. Baba mdogo aliitazama karatasi yenye nyota na mikwaju, akasonya, akaondoka. Alirudi mara kadhaa na wenzake, na kila mara jibu la baba lilikuwa lilelile, kazi haijaisha.

Halafu ikaja asubuhi ya mawe. Tulianza kuyasikia juu ya bati lao, kisha familia nzima ikatokea kwenye ua wetu, Mama Ngalula akiwa na mtoto mgongoni na kiatu kimoja mguuni. Baba aliwaingiza ndani, akasimama mlangoni. Vijana walifika wengi, na wengine nilisoma nao.

"Ni fundi wangu," baba alianza.

"Papa Numbi, tunakuheshimu," mmoja alimjibu kwa upole ulionitisha kuliko makelele. "Lakini bakilala hapa leo, nyumba yako pia itawaka."

Baba alirudi ndani, akavaa viatu.

Tuliwasindikiza stesheni mchana uleule. Pale watu walikuwa wamelala chini ya maturubai, wakisubiri treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Mama aliwaachia sufuria yetu kubwa na unga wote uliokuwamo nyumbani.

"Chukua mashini, ni yako sasa," Papa Ngalula alimwambia baba. "Uchape."

"Hapana. Kazi haiyaisha."

Wakashikana mikono, muda mrefu. Treni ilikuja, ikawachukua. Hatukupata habari zao tena, hata leo.

Baba hakuigusa printa tena. Mama alizifunika mashine zote mbili kwa kitenge.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa ameshazikwa, nilimwambia mama kwamba sikuwahi kuelewa vipi mafundi wawili walishindwa na waya mmoja. Mama aliacha kuchambua maharagwe.

"Nani alikuambia balishindwa? Wakati maneno ya Kasai ilianza, basista wa misioni ya Kapolowe balitupa waya ya kweli, mupya. Papa yako akaifungia mu sanduku."

"Papa Ngalula alijua?"

"Yeye ndiye alisema ifungiwe. Mashini ikitumika, fundi iko na sababu gani ya kuingia kwetu tena?"

Nilizikumbuka alasiri zile, wanaume wawili wameinama mezani, wakikosea kwa makusudi, na sisi watoto nyuma yao tukicheka.